Kamera ya mchezo: madirisha ya mbali yanamemeta, mwanga unachelewa kutulia, ukungu haukai sawa

Pango_la_Tatu

Habari wakuu. Nina mchezo wa kutembea na kuwinda, mchezaji anaona kwa macho ya mhusika. Natumia injini ya michezo ya Unity na URP (mfumo wake wa kuchora picha), kwa kompyuta na simu za Android. Ramani ni bonde la kilomita 2 kwa 2, lina kijiji, pango na milima pembeni. Kwenye kompyuta mengi yako sawa, kwenye simu kamera inanisumbua.

Madirisha na mabango ya kijijini nimeyatokeza sentimita 2 kutoka ukutani. Kuanzia mita 60 hivi yanamemeta, ukuta na dirisha vinapokezana kila kamera ikisogea. Cha ajabu, barabara nayo imeinuliwa sentimita 2 juu ya ardhi lakini imetulia. Ukomo wa karibu wa kamera (kilicho karibu zaidi ya hapo hakichorwi) ni mita 0.01, ili mtu akisogelea ukuta asione upande wa pili. Ukomo wa mbali ni 5000. Nimeushusha hadi 2000, hakuna kilichobadilika.

Upande wa mwanga, URP haina eksposha ya kujirekebisha kwa hiyo nimeiandika mwenyewe. Napunguza picha hadi pikseli moja, napata wastani wa mng'ao, nakokotoa kizidishi = 0.18 / wastani, kisha kila fremu nakisogeza sehemu ya pengo lililobaki kwa Lerp(kizidishi, lengo, deltaTime * 2). Nikitoka pangoni skrini inabaki nyeupe kama sekunde 5, ila kuingia ni papo hapo. Usiku napata mchana wa kijivu badala ya giza. Mwanga nimeupanga kwa luksi halisi: jua 100,000, taa za ndani 400, pangoni kama 5, mbalamwezi 0.25. Na kwenye simu tu, miraba myeusi inatapakaa kutoka kwenye maji yanayoakisi jua.

La mwisho ni ukungu. Nataka milima ipotee ifikapo mita 800. Nikikadiria kwa macho, ama kijiji kizima kinafifia ama mlima unakatika ghafla. Pia mti ulio pembeni mwa skrini unaonekana vizuri, nikiugeukia unafifia, na ukomo wa mbali nikiuweka 1000 unatoweka kabisa.

Naomba hesabu, siyo "jaribu 0.3 uone".

---

Bafa24

Mkuu, ukomo wa mbali uache. Tatizo la madirisha liko kwenye ile 0.01.

Bafa ya kina, ambayo GPU (chipu ya michoro) huitumia kujua nani yuko mbele, haihifadhi umbali kwa mita, inahifadhi thamani inayofuata 1/z. Matokeo yake ni kwamba nusu ya hatua zake zote huishia kati ya ukomo wa karibu na mara mbili ya umbali huo. Kwako wewe, kati ya hatua milioni 16.7 za biti 24, nusu zimetumika kati ya sentimita 1 na sentimita 2 mbele ya jicho, mahali ambapo hakuna kitu cha kuchorwa. Zilizobaki ndizo zinagawana bonde lote.

Ukubwa wa hatua moja kwa umbali z, ukomo wa karibu ukiwa n:

hatua = z² / (n × 16,777,216)

Hatua ikifika sentimita 2, dirisha na ukuta wake vinaandikwa namba moja na GPU haina cha kuamulia nani yuko mbele. Igeuze hesabu: z = √(0.02 × 0.01 × 16,777,216) = mita 58. Ndizo mita 60 zako. Kwa mita 800 hatua moja inafika mita 3.8, nyumba nzima inaweza kuchanganyika na ya nyuma yake. Ukomo wa mbali, f, unaingia kwenye hesabu kamili kama (f − n)/f tu. Iwe 5000 au 2000, hiyo ni 1 kasoro kitu kisichoonekana.

Barabara imesalimika kwa sababu unaitazama kwa mshazari. Jicho likiwa mita 1.7 juu ya ardhi, mstari wa kuona unaoigusa barabara mita 60 mbele ungeigusa ardhi iliyo chini yake sentimita 70 mbele zaidi. Bafa inaona tofauti ya sentimita 70, siyo 2. Ukuta unaoutazama uso kwa uso haupati nafuu hiyo. Panda kilele cha mlima utazame barabara kutoka juu, utaona nayo inaanza kumemeta.

Sasa n iwe ngapi? Sababu ya watu kuishusha mno ni kwamba wanapima katikati ya skrini na kusahau pembe. Bapa la karibu ni bapa kweli, pembe zake ziko mbali na jicho kuliko kitovu chake:

umbali wa pembe = n × √(1 + tan²(wima/2) + tan²(mlalo/2))

Kwa pembe ya kuona ya wima ya digrii 60, skrini ya 16:9 inatoa n × 1.54, na simu ndefu ya 20:9 inatoa n × 1.73. Kapsuli ya mhusika (umbo lake la kugongana na vitu) ndiyo inayozuia ukuta usikaribie, kwa hiyo umbali huo wa pembe usizidi nusu kipenyo cha kapsuli. Ukiwa na kapsuli ya nusu kipenyo 0.4, basi n ni 0.4 / 1.73 = 0.23. Weka 0.2 ubaki na akiba kidogo, kwa sharti kwamba kamera iko kwenye mhimili wa kapsuli na haitikiswi kuelekea mbele mhusika anapokimbia. Kama inatikiswa, toa kiasi hicho kwanza kwenye 0.4 ndipo ugawe.

Kwa n = 0.2 madirisha ya sentimita 2 yatatulia hadi mita 259, na hatua kwa mita 800 inashuka hadi sentimita 19. Baada ya mita 200 usiendelee kupigana: kwenye LOD ya mbali (umbo jepesi linalotumika kitu kikiwa mbali) ondoa dirisha kama umbo na ulichore ndani ya tekscha (picha inayofunika umbo) ya ukuta. Njia ya Offset −1, −1, inayosogeza kina cha bango mbele kidogo kwenye sheda yake (programu ndogo ya kuchora ndani ya GPU), inafanya kazi pia. Ukizidisha thamani zake tu, bango litaanza kuonekana juu ya nguzo iliyosimama mbele yake.

---

Nyuzi_za_GPU

Naongezea kwa nini kompyuta haikukuonyesha hili. Kwenye Direct3D 11 na 12, Metal na Vulkan (njia ambazo mchezo huzungumza na GPU), Unity hugeuza kina: karibu ni 1, mbali ni 0. Bafa ikiwa floti (namba ya desimali) ya biti 32, usahihi wa floti unaojazana karibu na sifuri unafidia ule msongamano wa 1/z, na umbali wote unapata usahihi unaokaribiana kwa uwiano. Unreal nayo hugeuza, Godot ilihamia huko kwenye toleo la 4.3. Kwenye OpenGL ES, Unity inabaki na mpangilio wa kale, na hapo ndipo simu yako ilipo.

Kwenye Player Settings weka Vulkan juu ya orodha, OpenGL ES iachie simu zisizoiweza. Kisha thibitisha kwa RenderDoc (programu ya kukagua fremu) kwamba bafa ya kina ni floti ya biti 32 kweli. Hili watu huliruka. Kama ni namba kamili za biti 24, kugeuza hakuleti faida yoyote, kwa sababu hatua zake ni sawa kutoka 0 hadi 1 na ukizipindua unapata zilezile. Na kama kuna bafa ya biti 16 mahali, hata n = 0.3 inakupa hatua ya nusu mita kwa umbali wa mita 100.

Sheda yoyote uliyoandika inayosoma kina iangalie upya. Msimbo unaodhani 1 ndiyo mbali utachora povu la maji angani. UNITY_REVERSED_Z ipo kwa kazi hiyo. Na 0.2 ya Bafa24 ibaki hata ukihamia Vulkan, kwa ajili ya simu zitakazoangukia OpenGL ES.

---

Pango_la_Tatu

Mita 58! Imelingana kabisa. Swali dogo: nikiweka 0.2 mikono na upinde vinakatwa, viko sentimita 15 hadi 50 mbele ya kamera.

---

Bafa24

Una njia mbili. Kamera ya pili ya juu, yenye n = 0.01 na ukomo wa mbali wa mita 2, inayochora tabaka la mikono peke yake baada ya kufuta kina. Ni rahisi kupanga na inakupa pembe ya kuona tofauti kwa mikono, lakini unalipia upangaji wa vitu mara mbili kila fremu, na mikono huchorwa juu ya kila kitu hata kama kuna jani mbele yake.

Njia ya pili naipendelea kwa simu: baki na kamera moja, na kwenye sheda ya mikono tumia makadirio yenye n ndogo, kisha bana kina chake kiingie kwenye asilimia 5 ya kwanza ya bafa, upande wa karibu. Kumbuka upande huo ni wa 1 kwenye kina kilichogeuzwa. Madoido yanayosoma kina, kama ukungu wa lenzi (kufifisha vilivyo nje ya fokasi) au vivuli vya kwenye skrini, yatadhani mikono iko mahali pengine, kwa hiyo yazime kwa tabaka hilo.

---

Kipima_Mwanga

Nije kwenye mwanga. Una hitilafu tatu zenye vyanzo tofauti.

Weupe wa sekunde 5 unatokana na kusogeza kizidishi chenyewe. Pangoni ni luksi 5, nje ni 100,000, uwiano wa 20,000. Kizidishi kikishuka kwa e^(−2t) kutoka mara 20,000 ya lengo, kinafika mara mbili ya lengo baada ya ln(20,000)/2, takriban sekunde 4.95. Kupanda ni rahisi kwa sababu kinafika nusu ya lengo kwa sekunde 0.35, na nusu ya mwanga ni stopu moja tu (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), jicho halishtuki. Ukisogeza mng'ao badala ya kizidishi, tatizo linageuka upande: kutoka kunakuwa haraka, kuingia kunakuwa giza refu. Sogeza logi ya mng'ao, yaani EV, kipimo cha mwanga kwa stopu (k ni kasi, dt ni muda wa fremu):

ev += (evLengo − ev) × (1 − exp(−k × dt))

Tofauti ya pango na nje ni stopu 14.3. Kwa k = 2 inabaki chini ya stopu moja baada ya sekunde 1.33, na ni sawa kwa kuingia na kutoka. Kisha unaweza kuchagua: mimi ningeweka k = 4 kuelekea mwangani na k = 1.5 kuelekea gizani, maana jicho la mtu huzoea mwanga haraka kuliko giza. Jicho halisi huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, hakuna mchezaji atakayesubiri hivyo. Zingatia pia exp: Lerp yenye deltaTime peke yake inabadilika kasi kati ya simu ya fremu 30 na ya fremu 60.

Wastani wenyewe uchukue kwa logi pia. Wastani wa kawaida unatawaliwa na mwangaza mmoja mkali, kwa hiyo mdomo mdogo wa pango unaoonekana kwa mbali unaweza kuzima pango zima. Punguza picha hadi 64 × 64, badili kila pikseli iwe log2(max(L, 0.0001)), bana kila moja iwe kati ya EV ya chini na ya juu unayoiruhusu, ndipo utafute wastani. Ukiwa na sheda za kukokotoa, tumia histogramu na utupe asilimia 50 ya chini na asilimia 5 ya juu. Tabaka la mikono lisipimwe. Na ile max usiiache: thamani moja isiyo namba ikiingia kwenye tekscha ya fremu iliyopita haitoki tena, kila mchanganyiko unaofuata unabaki si namba na skrini inakuwa nyeusi hadi mchezo uanzishwe upya.

Usiku wa kijivu ni kazi inayofanyika kama ulivyoiagiza. Umesema wastani wa kila picha uwe 0.18, basi na picha ya mbalamwezi inapandishwa hadi 0.18. Kwa luksi, EV = log2(luksi / 2.5): jua 15.3, taa zako 7.3, pango 1, mbalamwezi −3.3. Weka mkunjo wa fidia unaoacha picha iwe nyeusi kadiri EV inavyoshuka. Anza na 0 kwenye EV 15, −1 kwenye 7, −2 kwenye 1, −3 kwenye −3. Ukiona pango linatisha kuliko unavyotaka, gusa nukta ya EV 1 peke yake. Rangi zipunguze kidogo usiku ukipenda, lakini fidia ndiyo inayobeba kazi.

Miraba myeusi: floti ya biti 16 inaishia 65,504. Jua lako la 100,000 limeshapita hapo kabla halijagusa kitu, na sheda za URP hushika rangi ya taa kwa aina ya half. Kwenye kompyuta half huwa biti 32 kimyakimya, kwenye simu ni 16 kweli. Hivyo mwako wa jua majini unakuwa namba isiyo na mwisho (infinity), kichujio cha mng'ao (bloom, kinachotanua mwanga mkali) kinaizidisha na sifuri au kuitoa kwa infinity nyingine, inazaliwa thamani isiyo namba (NaN), na kila hatua ya kupunguza picha inaitanua kuwa mraba. Dawa ni kuzidisha kabla: chukua eksposha ya fremu iliyopita, zidisha nguvu za taa zote, anga na ukungu upande wa CPU kabla hazijafika kwenye sheda. Namba zote zinabaki karibu na 1. Unapopima mng'ao wa fremu mpya, gawa kwa eksposha ileile uliyozidisha, vinginevyo kipimo kitajifukuza na picha itapumua juu na chini. Kuisoma kutoka GPU tumia AsyncGPUReadback. Kuchelewa fremu mbili tatu hakuonekani, wakati ReadPixels inasimamisha kila kitu.

Baada ya hapo bado bana mwako usizidi kiasi fulani, tuseme 100 baada ya kuzidisha, kabla ya kichujio cha mng'ao.

---

Fundi_Ramani

Nakubaliana na hesabu, ila kwa mchezo wa kuwinda usiikabidhi kamera uamuzi wote. Eksposha inayopima picha nzima humpa mchezaji hila: gizani anatazama chini kwenye udongo mweusi, EV inashuka, anainua macho haraka na kwa nusu sekunde anaona mnyama aliyekuwa amefichwa na giza. Kinyume chake, anayetazama anga anaadhibiwa bila sababu.

Ramani ya kilomita 2 ina maeneo machache ya mwanga. Yachoree maboksi: nje, kijijini ndani, pango. Kila boksi lina EV yake ya msingi, ya nje ikifuata saa ya siku. Kipimo cha Kipima_Mwanga kiruhusiwe kusogea 1.5 juu au chini ya msingi huo, basi. Mdomoni mwa pango weka ukanda wa mpito wa mita 4 hadi 6 ambamo EV inachanganywa kwa umbali wa mhusika. Kwa njia hiyo mchezaji anayesimama mlangoni anaona nje pamekuwa peupe na ndani pana giza, kama inavyotakiwa, na hakuna kinachobadilika akizungusha kichwa. Boksi la ndani lenye mlango linaloweza kufunguliwa lipe EV mbili.

---

Kipima_Mwanga

Hilo la ±1.5 naliunga mkono kabisa. Ongeza tu kitu kimoja: mwenge au moto unaobebwa na mchezaji hauko kwenye boksi lolote, kwa hiyo msingi wa pango upandishe, tuseme kwa EV 2, mwenge ukiwaka. Usipofanya hivyo ±1.5 haitatosha na ukuta wa karibu utaungua.

---

Pango_la_Tatu

Nimeelewa. Imebaki ukungu, na kuna darubini: pembe ya wima inashuka kutoka 60 hadi 10. Kupitia darubini majani yanakatika mita 60, vivuli navyo, na mwanga unaruka kila ninapoipitisha kwenye paa la bati.

---

Umbali_Halisi

Ukungu kwanza. Kwa ukungu wa kielelezo (exponential), kinachobaki cha rangi ya kitu ni exp(−d × umbali). Ukitaka ibaki asilimia 2 tu kwa mita 800, d = 3.91 / 800 = 0.0049. Shida ni kwamba kwa mita 100 kijiji kimeshabakiwa na asilimia 61. Ndiyo "kijiji kizima kinafifia". Chagua aina ya mraba, exp(−(d × umbali)²), yenye d = 1.98 / 800 = 0.00247: kwa mita 100 kinabaki asilimia 94, kwa 400 asilimia 38, kwa 800 asilimia 2 ileile. Siyo hewa halisi, lakini kwa ukomo mfupi kama huu ndiyo inayokaa vizuri.

Ule mti wa pembeni unatokana na kupima umbali kwa kina, yaani kando ya mhimili wa kamera, badala ya umbali wa moja kwa moja kutoka kwenye jicho. Ni ile 1.73 ya Bafa24 tena: ukomo wa mbali wa 1000 katikati ya skrini ni mita 1,730 kwenye pembe za simu ya 20:9. Ukigeuka, kitu cha mita 1,400 kinaanguka nje ya bapa. Kwenye sheda tumia urefu wa vekta kutoka kamera hadi kwenye nukta kwa ukungu. Hesabu hiyo ifanye kwa float, maana half kati ya 512 na 1024 inaruka nusu mita nusu mita na utaona mistari kwenye mteremko. Kwa vitu, weka layerCullDistances (umbali wa kukata vitu) kwa kila tabaka na uwashe layerCullSpherical (umbali upimwe kwa duara kutoka kwenye kamera), kisha ukomo wa mbali wa kamera uwe mkubwa kuliko vyote. Milima ikatwe mita 820 hivi, pale ukungu umeshaifunika, na vitu vidogo kama vyungu mita 120.

Rangi ya ukungu isiwe namba uliyoichagua mara moja. Ichukue kutoka angani upande uleule unaotazamwa, kwenye ngazi ya tekscha ya anga iliyofifishwa sana, na ipite kwenye kizidishi cha eksposha kama taa nyingine. La sivyo usiku ukungu utang'aa wenyewe, na mchana utaona mshono pale mlima uliofunikwa unapokutana na anga, kwa kuwa anga haipati ukungu.

Darubini. Ukuzaji ni tan(30°) / tan(5°) = 6.6. Kitu cha mita 660 kinaonekana kama kiko mita 100. LOD Group ya Unity hupima kwa urefu kwenye skrini, kwa hiyo maumbo yatajirekebisha. Kila kilichowekwa kwa mita hakitajirekebisha: majani, vivuli, layerCullDistances. Usizidishe yote kwa 6.6 moja kwa moja. Eneo linaloonekana ni upana wa pembe mara mraba wa umbali, pembe ya mlalo imepungua takriban mara 5 na mraba umeongezeka mara 44 hivi, kwa hiyo unaishia na majani kama mara 9 ya awali, na simu itakwama. Majani yapeleke mara 3, hadi mita 180, na baada ya hapo acha rangi ya ardhi ifanye kazi. Yaliyo chini ya mita 10 yafute, darubini haiyaoni.

Vivuli vipeleke mita 400 wakati wa darubini, lakini mgawanyo wa ngazi ubadilike pia. Kwa kawaida, ngazi 4 kwa umbali wa 150 zinagawanyika vizuri mita 14, 31, 64 na 150, ambao ni mchanganyiko wa asilimia 70 ya mgawanyo wa logi na 30 ya mgawanyo sawa, ukianzia mita 1. Kupitia darubini ngazi ya mita 14 ni ya bure, hakuna kinachoonekana humo. Tumia ngazi mbili tu, 150 na 400. Mtazamo ni mwembamba, kwa hiyo ramani ya 2048 inatosha kwa zote mbili. Funga hatua za ramani ya kivuli kwenye tekseli (pikseli za ramani hiyo) nzima, vinginevyo ukingo wa vivuli utatambaa kila mkono unapotetemeka, na kwa ukuzaji huo utaonekana.

Ukungu usiuguse. Lenzi haiondoi hewa iliyo katikati, na mchezaji akiona mlima uliopotea unarudi kupitia darubini atagundua ramani inaishia wapi.

Ukomo wa karibu upandishe hadi mita 2 darubini ikiwa machoni, mikono imefichwa. Hatua ya kina kwa mita 800 inashuka hadi sentimita 1.9, hata kwenye OpenGL ES, kwa hiyo madirisha yako hayatamemeta. Kabla ya kupandisha hakikisha kwa mwali mfupi kwamba hakuna ukuta ndani ya mita 3.5 mbele, ambayo ni zaidi ya umbali wa pembe za bapa hilo kwa digrii 10. Ukiwepo, baki na 0.2.

Mwanga unaoruka kwenye bati: kwa digrii 10, paa moja linajaza picha yote, hivyo kipimo kinalitii. Shika EV iliyokuwepo kabla ya kuinua darubini na iruhusu isogee stopu 0.5 tu, kwa k = 0.5. Ukishusha, fremu ya kwanza ya kamera pana iendelee kutoka EV hiyohiyo iliyoshikwa, isianze upya kutoka kwenye lengo.